Fito za Kulalia Ndege: Namna ya Kuzitengeneza Zisiteleze



Katika gazeti letu tumezoea kusoma habari za michezo, safari na mitihani. Leo naomba nafasi kidogo nieleze jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama, yaani ule ufito anaolalia kuku usiku. Huenda mmoja wenu akacheka na kusema, "Kijana wa kidato cha sita amekosa jambo la kuandika?" Namjibu hivi: kuku ndio wanaoninunulia madaftari na kulipa sehemu ya karo yangu, na mwaka juzi nusura niwapoteze kwa ajili ya kipande cha bomba. Basi nimeona yafaa niliyojifunza kwa hasara, wengine wayapate bure.

KOSA LANGU

Nyumbani kwetu, hapa Mvara karibu na mji wa Arua, nilijenga banda la kuku kumi na wawili. Nilipofika mahali pa kuweka fito za kulalia, niliona bomba mbili za chuma zimelala nyuma ya nyumba. Nikazipaka rangi ya mafuta iliyobaki katika kopo, nikazifunga bandani. Ziling'aa kweli kweli! Majirani walisifu, nami nikajiona fundi mkubwa.

Mvua zilipoanza, mambo yakabadilika. Usiku nilisikia kishindo bandani, kuku ameanguka. Baada ya kitambo, kishindo kingine. Nilidhani ni kicheche, nikakesha na tochi nisione kitu. Baada ya majuma machache kuku wangu mzuri kuliko wote, mwenye madoadoa, alianza kuchechemea. Nilipomshika na kumgeuza niliona unyayo wake umevimba, na katikati pana kigaga cheusi. Punde wa pili naye akawa vile vile, na mayai yakapungua siku hata siku.

Nilimwita bwana mifugo. Alitazama miguu, kisha akatazama bomba zangu, akatikisa kichwa. Bibi yangu, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe, ndiye aliyesema kwanza.

"Mjukuu wangu," alisema, "kuku wangu walilala juu ya mwembe miaka yote. Uliona hata mmoja ana mguu kama huo?"

"La, Bibi, sikuona."

"Basi kwa nini wewe umewapa kuku baiskeli?"

Bwana mifugo alicheka, nami nikaona haya. Lakini maneno yale yalinitia katika kufikiri. Jioni ile nilikwenda chini ya mwembe nikatazama matawi. Lilikuwako tawi nene na tawi jembamba. Mengine yalipinda, na ganda la yote lilikuwa na mikwaruzo. Hakuna hata moja lililong'aa. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza.

MGUU WA NDEGE

Kabla ya kutengeneza ufito, sharti tuujue mguu utakaoukanyaga. Kuku na njiwa wana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Kasuku ana viwili mbele na viwili nyuma, na kwa hiyo aweza kushika chakula kwa mguu mmoja na kukipeleka mdomoni kama mtu anavyofanya kwa mkono.

Wengi wetu hudhani kwamba goti la kuku hukunjika kwenda nyuma. Sivyo. Kiungo kile tunachokiona ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe lipo juu, limefichwa na manyoya. Nyuma ya kifundo hupita kano ndefu zinazofika mpaka vidoleni. Nani kati yetu utotoni hakuokota mguu wa kuku aliyechinjwa, akavuta ule uzi mweupe, na vidole vikajikunja? Mchezo ule ulikuwa somo, ila hatukujua. Kano zikivutwa, vidole hufumbika na kushika. Ndege akichuchumaa juu ya tawi, mguu hujikunja na kano husaidia vidole kushikilia.

Lakini vidole haviwezi kushika kila kitu. Ufito ukiwa mwembamba mno, vidole huuzunguka na kupita, na uzito wote wa mwili huangukia mahali padogo katikati ya unyayo. Ukiwa laini kama bomba langu, ndege hukaza vidole usiku kucha asianguke, naye hachoki kuteleza mpaka alfajiri. Ukiwa na unene ule ule mmoja tangu mwanzo hata mwisho, unyayo husuguliwa mahali pale pale kila siku. Ngozi hupasuka, uchafu huingia, na bakteria hupata mlango. Ndipo unyayo huvimba na kufanya usaha mgumu. Ugonjwa huo huwapata kuku, bata, kasuku, na hata kozi wanaofugwa kwa kuwinda. Ndege mwenye ugonjwa huo hukaa tu, hali vizuri, na akiachwa uvimbe waweza kufika mfupani. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

KUCHAGUA MTI

Mti wa kufaa huwa mgumu, hauna sumu, na haukupakwa dawa. Hapa kwetu mpera unapatikana karibu kila ua, na fimbo yake haivunjiki upesi. Mkaratusi nao unafaa, na hutoa fito zilizonyoka. Mchungwa na mlimau hufaa pia, mradi uondoe miiba yote.

Miti hii ikatae:

Kwanza, mparachichi. Majani, ganda na tunda lake yana sumu iwezayo kumwua ndege, hasa kasuku na ndege wadogo. Usiwape hata mabaki ya parachichi.

Pili, mnyaa na miti mingine yenye utomvu mweupe mkali. Utomvu huo huchoma macho na ngozi.

Tatu, mbao za nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, na mbao za zamani zenye rangi. Dawa nyingine zina sumu kali, na rangi za kale mara nyingi zina risasi. Kuku hudonoa, na kasuku hutafuna. Kilichopakwa juu ya mti huingia tumboni.

Nne, bomba la chuma na la plastiki. Chuma huwa baridi usiku na moto mchana chini ya bati, na vyote viwili huteleza, zaidi sana vikilowa.

Ukiisha kukata tawi, lisugue kwa maji na sabuni, kisha lianike juani siku kadhaa hata likauke. Mti mbichi hujikunja na kulegea, na katika ganda lake huenda wamejificha wadudu.

KUPIMA NA KUTENGENEZA

Sasa twende kwenye kazi. Nitaeleza kipimo cha kuku kumi na wawili, nawe utabadili hesabu kwa kadiri ya kuku wako.

Kuku mmoja huhitaji nafasi ya sentimita 20 mpaka 25 juu ya ufito. Tuchukue 25. Kuku 12 mara 25 ni sentimita 300. Kwa hiyo twahitaji fito mbili, kila mmoja sentimita 150. Unene wa kila ufito uwe kama sentimita 4 mpaka 5, yaani unyayo wa kuku uketi juu yake na vidole vishike pembeni. Kama unatumia mbao ya kupasua, ukubwa ni huo huo, lakini sharti pembe za juu zichongwe ziwe za mviringo. Pembe kali hukata unyayo, na pia hubonyeza mfupa wa kifua, maana kuku akilala hulalia kifua chake.

Vifaa ni hivi: fito mbili, mbao mbili za pembeni, misumari, msumeno, kisu, kipande cha msasa, na futi ya kupimia.

1. Kata fito na uondoe vijiti na vifundo vyenye ncha. Pitisha msasa mahali penye vibanzi tu. Usisugue mpaka ukalainika wote, maana utakuwa unatengeneza bomba la mti.

2. Katika kila ubao wa pembeni, kata mapengo mawili ya kuingia ufito. Pengo la kwanza liwe sentimita 45 kutoka chini. Pengo la pili liwe sentimita 30 juu ya lile la kwanza, na sentimita 40 nyuma yake. Hivyo fito zitapanda kama ngazi. Kuku ataruka hatua kwa hatua, na asubuhi atashuka vile vile. Ukizipanga moja juu ya nyingine wima, walio juu watawachafua walio chini. Ukiziweka juu sana, kuku wazito wataumia miguu watakaporuka sakafuni.

3. Acha sentimita 30 kati ya ufito wa nyuma na ukuta, mkia upate nafasi.

4. Pachika fito katika mapengo bila kuzipigilia misumari, ili uweze kuzitoa na kuziosha. Lakini zisizunguke! Ufito unaozunguka ni mbaya kuliko unaoteleza, kwa sababu ndege hushtuka na kuanguka ghafula. Toboa tundu dogo kila upande na kupitisha kijiti cha kuzuia.

5. Pima nguvu. Kuku wetu wa kienyeji aliyekomaa ana kilo 2 hivi. Kuku sita juu ya ufito mmoja ni kilo 12. Fundi mwangalifu hupima mara mbili ya mzigo, yaani kilo 24. Ning'iniza madebe mawili ya maji yasiyojaa kabisa, kila moja lenye lita 12, kisha tazama. Ufito ukilalamika, tafuta mwingine.

KUZUIA UTELEZI

Mti wenye ganda la kukwaruza hauhitaji kuongezwa kitu. Mpera lakini una ganda laini linalobambuka. Kwa hiyo mimi huchora mistari kwa kisu kuuzunguka mti, mistari isiyo na kina, kila baada ya sentimita moja au mbili. Vidole hupata pa kushika, na maji hayakai juu.

Nimeona watu wakifanya namna nyingine, nanyi mtashawishika kuziiga. Wapo wanaobandika msasa au mchanga kwa gundi. Ni kweli ndege hatelezi, lakini ngozi ya unyayo huliwa kidogo kidogo mpaka inatoka damu. Ni sawa na kumvika mtu viatu vilivyojaa changarawe. Wengine huzungusha mpira wa ndani wa baiskeli. Huo unashika vizuri, ila chini yake uchafu na utitiri hujificha usiweze kuwaona. Wengine huzungusha kamba ya katani. Hiyo yaweza kufaa ikiwa imekazwa sana na kutazamwa kila siku, kwa maana nyuzi zikifumuka hunasa kidole au kucha, na ndege anayezitafuna aweza kuzibwa koo au tumbo. Kwa maoni yangu mti mtupu wenye mistari washinda vyote, nao hauna gharama.

NJIWA NA KANGA

Njiwa hupenda ubao bapa kuliko ufito wa mviringo. Mpatie kila mmoja kibao chake, upana wa sentimita 5 hivi, mbali kidogo na jirani yake, kwa kuwa njiwa ni mgomvi wa nafasi. Kama una ukuta mmoja tu, panga vibao kwa kupishana, asiwepo aliye chini kabisa ya mwingine.

Kanga, ambao wengi hapa West Nile huwafuga, watakwenda mtini jua likitua hata ukiwajengea jumba la kifalme. Ukiwataka walale ndani, wazoeshe tangu wadogo na uweke ufito wao juu kuliko wa kuku.

HABARI YA KASUKU

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo bado lanisumbua moyo.

Mwaka jana kijana mmoja alinijia jioni. Alikuwa amesikia kwamba natengeneza fito za ndege. Alibeba kikapu kilichofunikwa kitambaa, na alipokifunua nilimwona kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, amesimama juu ya fimbo ya mwavuli. Nyayo zake zilikuwa nyekundu na zimechubuka. Kijana alinitaka nimtengenezee ndege fito na kizimba, na bei aliyotaja ilikuwa karibu sawa na karo yangu ya muhula mzima. Nilipouliza ndege katoka wapi, alionyesha kwa kidevu upande wa magharibi, yaani Kongo.

Nilijua kidogo habari za ndege huyo. Kasuku wa kijivu si ndege wa nyika zetu. Kwao ni misituni, kuanzia Afrika ya Magharibi, kupitia Kongo, mpaka misitu ya Uganda kama Mabira na Kibale, na Kakamega nchini Kenya. Wamewindwa sana kwa biashara, na kwa hiyo mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg wakakubaliana kukomesha biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini; mapatano hayo yalianza kufanya kazi Januari 2017. Nchini Uganda, Sheria ya Wanyama Pori ya mwaka 2019 yakataza kumshika au kumfuga ndege kama huyo bila kibali. Hata hivyo wafanyabiashara hawajaacha. Mwaka 2022 kasuku zaidi ya mia moja walikamatwa wilayani Kisoro wakiletwa kutoka Kongo. Ndege wanaookolewa hupelekwa Entebbe, kwenye kituo kilichoanzishwa mwaka 1952 kuwa makao ya wanyama yatima.

Nilimwambia yule kijana kwamba siwezi. Hilo nalishukuru. Lakini nilimwacha aende zake. Sikumwambia mtu yeyote usiku ule, nikisema moyoni kwamba haya si mambo yangu. Kesho yake nilimweleza mwalimu wangu, naye akanipeleka kutoa habari. Lakini kijana na kikapu chake hawakuonekana tena. Kasuku akitunzwa vema aweza kuishi miaka arobaini na zaidi. Nikifikiri kwamba yule amesimama mahali fulani juu ya fimbo ya mwavuli kwa miaka yote hiyo, najuta kulala usiku mmoja.

Kwa hiyo, wenzangu, ukimwona kasuku anauzwa, usimnunue kwa kumhurumia, maana fedha yako itamtuma mwindaji arudi msituni. Wapashe habari watu wa Mamlaka ya Wanyama Pori siku hiyo hiyo. Na kama wewe ni mmoja wa wenye kibali halali cha kumtunza, basi mtengenezee matawi ya unene mbalimbali, kati ya sentimita 2 na nusu na 4, yaliyopindapinda kama msituni, abadilishe mguu apendavyo. Usimpe nyavu wala waya zenye zinki, kwa kuwa atatafuna na sumu itamwingia. Atatafuna na matawi pia. Usimkasirikie, hiyo ndiyo kazi aliyoumbiwa. Mkatie mengine.

USAFI NA UANGALIZI

Ufito mzuri ukiachwa mchafu hugeuka kuwa mbaya. Kila juma toa fito, kwangua kinyesi, osha, anika juani. Usiku mmoja katika mwezi, chukua tochi utazame chini ya fito na ndani ya mapengo. Ukiona vidudu vidogo vyekundu, ni utitiri. Mchana hujificha katika nyufa, na usiku hutoka kunyonya damu. Mwagia maji yanayochemka katika nyufa baada ya kuwatoa ndege, na kama wamezidi, mwulize bwana mifugo dawa.

Kila mwezi geuza mguu wa kila ndege uutazame unyayo. Ukiona wekundu au ngozi imekuwa laini na kung'aa, badili ufito mara moja na kausha sakafu. Ukiona uvimbe wenye kigaga, usipasue kwa wembe; mwite mwenye ujuzi. Kuku wangu wa madoadoa aliloweshwa mguu katika maji vuguvugu ya chumvi, akapakwa iodini, akafungwa kitambaa safi kila siku, akawekwa juu ya majani makavu. Alipona baada ya muda mrefu, naye bado anataga. Yule wa pili tulichelewa. Yeye ndiye aliyenifundisha kugeuza miguu.

Zile bomba mbili sikuzitupa. Bibi yangu anazitumia kuanikia nguo, na kila mgeni akija huambiwa kwamba hiyo ni baiskeli ya kuku.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Una kuku 18. Ukimpa kila mmoja sentimita 25, utahitaji fito ngapi za sentimita 150?

2. Kwa nini ufito wenye unene mmoja na wenye kung'aa humdhuru ndege hata kama haanguki?

3. Jirani anataka kukupa mbao za nguzo zilizotiwa dawa. Utamjibu nini bila kumvunjia heshima?

4. Nenda bandani kwenu leo jioni, ugeuze mguu wa kuku mmoja. Umeona nini?

Swali la nne ndilo ninaloomba mlijibu kwanza. Mengine yaweza kungoja mpaka kesho, lakini kuku huyo atalala juu ya ufito wenu usiku huu.